Kutoka Mtumba hadi Beti ya Kifuani: Historia ya Vifaa vya Kubebea vya Askari na Maneno Yake

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili hujifunza mapema kwamba neno askari limetoka katika Kiarabu, na bunduki vilevile. Ni nadra kufundishwa majina ya vile vitu ambavyo askari hufungia na kubebea mali yake: mshipi, mkoba, shanta na beti. Katika makala haya tunakusudia kuvitazama vitu hivyo kwa jicho la historia. Tutaanza na wapagazi wa karne ya 19 na kuishia kwenye ule mfuko wa risasi unaovaliwa kifuani, ambao tangu miaka ya 1960 umeonekana katika vita vingi vya bara letu. Kituo cha safari yetu kitakuwa Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda, pamoja na Kashojwa, kijiji kimojawapo cha makazi ya wakimbizi ya Nakivale.

Tunazo sababu mbili za kuichagua mada hii. Kwanza, Ulaya na Marekani vifaa vikuukuu vya jeshi ni bidhaa ya kawaida. Watu huvinunua madukani, huvikusanya, huisoma mihuri ya viwanda iliyopigwa ndani ya kitambaa na kubishana juu ya mwaka vilipotengenezwa. Huku kwetu jambo hilo ni gumu. Sheria ya jeshi la Uganda ya mwaka 2005 ilifanya kuwa kosa raia kupatikana na sare au vifaa vya jeshi bila idhini, na mwezi Septemba 2019 hata kofia nyekundu ilitangazwa rasmi kuwa ya jeshi. Nchini Tanzania, Agosti 2023, Jeshi la Wananchi liliwapa raia siku saba kusalimisha mavazi yanayofanana na sare zake. Kwa hiyo kumbukumbu ya vitu hivi haimo katika makabati yetu. Imo katika maneno yetu.

Pili, nchini Uganda Kiswahili kingali kinaandamwa na sifa ya kuwa lugha ya bunduki. Mwalimu anayeingia darasani Mbarara hukutana na sifa hiyo kabla hajafungua kitabu. Hoja yetu ni kwamba sifa hiyo ina ukweli wake, lakini ni nusu ya ukweli. Msamiati wa kubeba ni wa zamani kuliko msamiati wa kuamrisha, na askari mwenyewe aliazima kwa mpagazi.

Mzigo kabla ya sare

Katika karne ya 19 bidhaa zote zilizotoka pwani kwenda Tabora, Ujiji na Buganda zilisafiri juu ya miili ya watu. Ndorobo waliwaua wanyama wa kazi, na barabara za magari hazikuwapo. Mpagazi mmoja alichukua ratili 60 hadi 70, yaani kilo 27 hadi 32 hivi. Uzito wa juu ulikuwa sawa na frasila mbili, kwa kuwa frasila moja ni ratili 35 au karibu kilo 16. Juu ya huo aliongeza mkeka wake, chungu chake na posho yake.

Namna ya kubeba ilitofautiana. Watu wa pwani walipenda kubeba kichwani, juu ya kata ya majani au ya nguo. Wanyamwezi, waliokuwa mabingwa wa kazi hii, walipenda kubeba begani. Mzigo uliofungwa kwenye ncha mbili za mti na kulazwa begani uliitwa mzegazega. Kila namna iliacha jina lake, na kila jina lilikuwa na kitenzi chake. Mtu humtwika mwenziwe mzigo, akifika hutua. Mama humweleka mtoto kwa mbeleko. Mwenye kupagaa ni mwenye kuchukua mzigo, na mwenye kupagazwa ni aliyebebeshwa. Ndipo tukapata mpagazi. Hata anayeingiliwa na pepo husemwa kuwa amepagawa, kwa kuwa naye amekaliwa na kitu kisichokuwa chake.

Katika orodha hiyo neno la kutazamwa sana ni mtumba. Kamusi za mwanzoni mwa karne ya 20 hulieleza kuwa ni robota la nguo lililofungwa kwa kipimo cha kubebwa na mpagazi mmoja. Ndani yake mlikuwa na merikani, kaniki na nguo nyinginezo za biashara. Leo mitumba ni nguo zilizokwisha kuvaliwa, ambazo nazo hufika zimefungwa katika marobota. Aliyekuwa akiubeba mtumba ametoweka, lakini jina la mzigo wake limebaki sokoni.

Tusisahau kuwa wakati huo silaha nazo zilikuwa na vibebeo vyake. Mishale ilikaa katika podo, upanga na jambia katika ala. Mwenye gobori alihitaji mahali pa kutia risasi na fataki, na mahali hapo paliitwa beti, yaani mkoba mdogo, aghalabu wa ngozi, uliofungwa kiunoni. Wanafunzi wa ushairi watatabasamu. Ubeti wa shairi umetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya nyumba, na beti ya risasi nayo ni nyumba ya namna yake.

Kariakoo

Tarehe 1 Januari 1902 vikosi vya Waingereza vya Afrika ya Kati, Afrika Mashariki na Uganda viliunganishwa kuwa King's African Rifles, au KAR. Askari wake walitoka katika makabila mengi, na Kiswahili kikawa lugha ya kuwaunganisha. Upande wa Wajerumani hali ilikuwa hiyo hiyo. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Afrika Mashariki mwaka 1914, pande zote mbili zilipigana kwa Kiswahili.

Lakini askari mmoja porini hakuweza kuishi bila wabebaji kadhaa nyuma yake. Mikoba ya ngozi ya kiunoni ilimtosha kwa risasi za siku moja tu. Risasi za kesho, unga, mahema, dawa na mizinga iliyovunjwa vipande vilikuwa juu ya vichwa vya wapagazi. Waingereza waliandikisha wapagazi wapatao milioni moja katika vita hivyo. Hesabu rasmi zinataja vifo zaidi ya 95,000, vingi vikiwa vya maradhi na njaa wala si vya risasi.

Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam Septemba 1916, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamejenga soko paligeuzwa kambi ya Carrier Corps. Ulimi wa Kiswahili ulilichukua jina hilo na kulifanya Kariakoo. Nairobi nayo ina Kariokor yake. Kwa hiyo soko linalojulikana kuliko yote Tanzania limechukua jina la watu waliobeba wasichokuwa nacho. Sanamu ya Nairobi iliyozinduliwa mwaka 1928 inamwonyesha mbebaji pamoja na wapiganaji. Hata hivyo majina ya wabebaji wengi hayakuandikwa kwenye kaburi lolote, na mwezi Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hadharani kwamba Waafrika waliokufa katika vita hivyo hawakukumbukwa kwa usawa na wenzao.

Tunasisitiza jambo hili kwa sababu vifaa vyote vya kubebea tutakavyovitaja kuanzia hapa vilibuniwa ili kujibu swali moja: je, askari anaweza kubeba mwenyewe kile ambacho zamani kilibebwa na mtu mwingine?

Kutoka ngozi hadi pamba

Hadi mwisho wa karne ya 19 mishipi na mikoba ya majeshi ya Ulaya ilikuwa ya ngozi. Ngozi ni imara, lakini ikilowa hulegea, ikikauka hukakamaa, na katika joto la mvua huota ukungu. Vita vya Makaburu vya 1899 hadi 1902 huko Afrika Kusini viliwafundisha Waingereza upungufu huo. Mwaka 1908 walianza kutumia vifaa vya mikanda ya pamba iliyofumwa nene, vilivyotengenezwa na kampuni ya Mills. Ubora wake haukuwa katika kitambaa tu. Mshipi, kamba za mabegani, mikoba ya risasi, chupa ya maji na shanta viliungana kuwa kitu kimoja, hata askari akaweza kuvivaa na kuvivua kama anavyovaa koti. Uzito ulisambaa mabegani na kiunoni badala ya kuvuta upande mmoja.

Namna mpya ilikuja mwaka 1937. Safari hii mikoba midogo mingi ya risasi iliondolewa, na mahali pake ikawekwa mifuko miwili mikubwa mbele ya kifua. Sababu yake ilikuwa silaha. Kila kikundi kidogo cha askari sasa kilikuwa na bombomu ya Bren, na magazini zake, ambazo ni visanduku vya chuma vilivyojazwa risasi, zilipaswa kugawanywa kwa kila mtu. Tunaona hapa kanuni ambayo itajirudia: umbo la mfuko hufuata umbo la kile kinachotiwa ndani.

Vifaa vya namna hiyo ndivyo vilivyovaliwa na askari wengi wa KAR katika Vita Kuu ya Pili. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo ndani yake kilikuwamo kikosi cha 4 KAR cha Uganda, ilishuka bonde la Kabaw nchini Burma wakati wa mvua za 1944 na kufika mto Chindwin, mahali paitwapo Kalewa, mwezi Desemba. Pamba ililowa na kuzidi uzito. Ndiyo sababu mwaka 1944 Waingereza walibuni vifaa vyepesi zaidi vya msituni, ambavyo vilitumika zaidi Malaya, walikopelekwa pia askari wa KAR mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Vilivyobaki baada ya vita

Kila vita kuu inapokwisha, maghala hubaki yamejaa. Katika makoloni ya Afrika Mashariki makoti mazito ya jeshi yaliuzwa kwa raia, na neno kabuti likawa la kila mtu. Mlinzi wa usiku, mchungaji wa nyanda za baridi na mzee wa kijiji walivaa kabuti bila kuwahi kuapishwa jeshini. Neno gwanda nalo lilisafiri, ingawa kwa njia ya kinyume. Zamani lilikuwa vazi fupi la raia, mfano wa kanzu iliyoishia karibu na kiuno. Leo tukisema magwanda, wengi hufikiria askari. Kaki, ambalo asili yake ni Kiajemi na Kiurdu kwa maana ya rangi ya vumbi, limekwenda jeshini, likarudi na kuingia katika sare za wanafunzi wa shule.

Mikoba ya risasi haikupata bahati hiyo. Koti hutia joto mwili wa yeyote, lakini mfuko ulioshonwa kwa umbo la magazini haufai kwa kingine. Nadhani hapa ndipo penye tofauti kubwa kati ya vifaa vya kubebea na mavazi mengine ya jeshi. Kabuti linaweza kusahau vita. Beti haiwezi.

Beti ya kifuani

Sasa tufike kwenye kifaa chenyewe. Mwaka 1956 China ilianza kutengeneza bunduki yake kwa kuifuata AK ya Kirusi, na kwa ajili yake ikashonwa beti ya kuvaliwa kifuani. Ni kitambaa cha turubai la pamba, rangi ya majani makavu. Katikati ina mifuko mitatu mirefu, kila mmoja wa magazini moja ya risasi 30. Pembeni ina mifuko minne midogo ya chupa ya mafuta ya bunduki na vikorokoro vingine. Vifuniko hufungwa kwa vijiti vidogo vinavyopenya katika vitanzi, kama vifungo vya makoti ya Kichina ya zamani. Kamba mbili hupishana mgongoni, na nyingine huzunguka kiuno. Hakuna pingu za shaba, hakuna ngozi, hakuna kazi ya kiwanda kikubwa. Fundi cherehani yeyote mwenye turubai na uzi angeweza kuishona.

Faida zake zilikuwa wazi. Mtu aliyeivaa aliweza kukaa garini, kuvuka mto wenye maji ya kiunoni na kukimbia bila mikoba kumpigapiga mapajani. Mgongo wake ulibaki huru kwa shanta au kwa mzigo mwingine. Hasara zake pia zilikuwa wazi. Kifua kilipata joto, na aliyelala kifudifudi aliinuliwa na magazini zake mwenyewe. Magazini moja ya chuma iliyojaa ina uzito wa gramu 800 hivi, kwa hiyo zote tatu hazifiki kilo 3. Linganisha na kilo 32 za mpagazi wa Tabora. Mzigo ulipungua mara kumi, lakini uwezo wa kuua ulizidi mno.

Kifaa hiki kilijulikana duniani kwa sababu ya Vietnam. Kwetu kililetwa na mapambano ya ukombozi. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliwekwa Dar es Salaam mwaka 1963, na silaha nyingi za wapiganaji wa kusini zilipitia Tanzania. FRELIMO walikuwa Nachingwea na Kongwa, na ZANLA wa Zimbabwe walifundishwa Mgagao, Iringa, ambako walikuwapo wakufunzi wa Kichina. Jeshi la Wananchi la Tanzania lenyewe, lililoundwa Septemba 1964 baada ya maasi ya Januari mwaka huo, lilipata silaha na mafunzo kutoka China. Huko Rhodesia, askari wa serikali ya walowezi walizitwaa beti hizi kwa wapiganaji, wakaziona zinafaa, na mafundi wao wakaanza kushona za kwao. Hivyo kifaa cha mnyonge kikaigwa na mwenye nguvu, na beti za kifuani za majeshi mengi ya leo zina ukoo na zile za Kichina.

Mbarara, 1972 na 1979

Mbarara ni mji wa kambi. Hapo ndipo palipokuwa na kikosi cha Simba cha jeshi la Uganda, na njia ya kutoka mpaka wa Tanzania huingia hapo. Tarehe 17 Septemba 1972 wapiganaji wa Milton Obote walivuka kutoka Tanzania wakaishambulia Mbarara, na wengine wakaelekea Masaka. Walishindwa. Mwaka uliofuata Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Tangazo hilo lilitoka kwa mtu ambaye lugha hiyo aliijua tangu KAR, na wananchi wengi waliisikia kwanza katika vizuizi vya barabarani.

Upinzani dhidi ya Kiswahili ulikuwa wa zamani kuliko Amin. Gavana Gowers alipokipendekeza mwaka 1927, Kabaka Daudi Chwa alikuwa miongoni mwa waliokikataa. Lakini baada ya 1971 hoja za shuleni na za kitamaduni ziliongezewa hofu.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera. Tanzania ilijibu, na Januari 1979 ikaitwaa Mutukula. Mwezi Februari Masaka na Mbarara zilitekwa, na tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Askari wa Tanzania walipopita, watu wa Uganda waliwaita bakombozi. Tulitazame neno hili kwa makini. Mzizi wake ni wa Kiswahili, komboa. Kiambishi chake ni cha lugha za wenyeji. Katika neno hilo moja Kiswahili kilikuwa lugha ya aliyekuja na silaha, na hapo hapo kilikuwa lugha ya kufunguliwa. Baadaye ukaja msitu wa Luwero wa miaka ya 1981 hadi 1986, nao ukatuachia neno kadogo, kwa maana ya mtoto aliyeshika bunduki. Neno hilo lilivuka mpaka na kuingia Kongo mwaka 1996. Beti iliyoshonwa kwa kifua cha mtu mzima ilipata kufungwa kwa mafundo kwenye kifua cha mtoto.

Kashojwa

Makazi ya Nakivale, yaliyoko kandokando ya ziwa la jina hilo katika wilaya ya Isingiro, yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda. Vijana waliokulia katika makazi ya namna hiyo waliingia jeshini Uganda. Tarehe 1 Oktoba 1990 wengi wao walivuka Kagitumba wakiwa na sare na silaha za jeshi walilolitoroka. Leo Nakivale ina zaidi ya watu laki moja, kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko. Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowakutanisha.

Kwa mujibu wa sheria za kimataifa makazi ya wakimbizi ni ya kiraia, na Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unataka yawe mbali na mpaka na yasiwe na harakati za kijeshi. Kwa hiyo Kashojwa si mahali pa kutafuta beti ya kifuani. Kwa anayekusanya vitu hivyo ng'ambo, beti ni kipande cha historia chenye muhuri. Kwa aliyekimbia Kivu au Ituri, ni kitu cha kwanza alichokiona mlangoni. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeutazama mzigo kwenye picha hauoni uzito wake.

Lakini Kashojwa ni mahali pazuri sana pa kusikiliza maneno ya kubeba. Nguo zilizokwisha kuvaliwa, ambazo Mkenya na Mtanzania huziita mitumba, Mganda huziita mivumba, na Mnyarwanda huziita caguwa, kutoka kitenzi chetu chagua. Soko moja, lugha tatu, na ndani yake Kiswahili kimeingia kwa njia ya biashara, bila amri ya mtu. Mama Mkongomani humfunga mtoto mgongoni kwa kitenge. Jirani yake Mnyarwanda ana neno ingobyi, ambalo ni mbeleko ya mtoto na pia ni machela ya mgonjwa. Mnyankole ana engozi, machela ambayo kwayo wanakijiji hupokezana begani kumpeleka mgonjwa hospitali. Turubai, kitambaa kilekile kilichoshonewa beti, hapa ni jina la paa la siku ya kwanza la mkimbizi aliyewasili.

Pendekezo la istilahi na kazi ya darasani

Waandishi wa habari na wafasiri wetu hukipa kifaa cha kifuani majina mengi ya kubahatisha: mkanda wa risasi, koti la risasi, hata fulana ya risasi. Majina hayo hupotosha. Mkanda wa risasi ni ule mrefu unaolisha bombomu, na fulana huchanganywa na ile ya kuzuia risasi. Tunapendekeza kitumike kile tulichokirithi, yaani beti ya kifuani, na beti ya kiunoni kwa ile ya zamani. Kwa mfumo mzima wa mishipi, kamba na mifuko tunapendekeza vibebeo vya askari. Shanta libaki kuwa la mgongoni.

Kwa walimu, tunapendekeza kazi ifuatayo. Wanafunzi wagawanywe katika vikundi, na kila kikundi kikusanye vitenzi na nomino za kubeba kutoka kwa wazee, wachuuzi na kina mama wa mahali wanapoishi. Wapange maneno kwa sehemu ya mwili: kichwani, begani, mgongoni, kwapani, kiunoni, kifuani, mapajani. Kisha waeleze unyambulishaji wake, kwa mfano beba, bebesha, bebeka. Twika, twisha, jitwika. Pagaa, pagaza, pagawa. Mwisho walinganishe na lugha zao za nyumbani.

Tunatoa angalizo moja. Mwanafunzi atakayekwenda Nakivale au kwingineko penye wakimbizi asiulize habari za bunduki. Aulize habari za mizigo: ulibeba nini, ulikibeba vipi, kwenu kinaitwaje. Mwenye kutaka kusema zaidi atasema mwenyewe, na asiyetaka atakuwa ametupa neno zuri bila kufungua kidonda. Huo ni utafiti, na tena ni adabu.

Hitimisho

Tumeona kwamba mzigo wa vita ulianza kichwani kwa mpagazi asiyekuwa na silaha, ukahamia kiunoni na mabegani kwa askari mwenye ngozi na pamba, na mwisho ukafungwa kifuani kwa vijiti na vitanzi. Tumeona pia kwamba Kiswahili kilikuwapo katika kila hatua, na kwamba hakikuwapo kama amri tu. Kilikuwapo kama kata, kama mzegazega, kama mtumba na mbeleko.

Katiba ya Uganda iliyorekebishwa mwaka 2005 ilikipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Walimu wengi watahitajika, na wengi wao watafundisha watoto ambao wazazi wao walikisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza kinywani mwa mtu aliyevaa beti. Mwalimu hawezi kukanusha hilo. Anachoweza ni kulianza somo mahali pengine, kwa neno ambalo mtoto analijua tangu mgongoni kwa mama yake.